Kingamwili na ugumba: Kipimo kilicho mbali na mpaka wa Busia

Wanandoa wa Masinya, katika Wilaya ya Busia nchini Uganda, wanaotafuta mtoto bila mafanikio wanaweza kubisha hodi katika kituo cha afya kilicho karibu, katika hospitali ya Tororo, au kuvuka mpaka hadi hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Busia, Kenya. Vipimo vya kawaida visipoonesha kasoro, safari huendelea hadi Kampala au Nairobi. Huko ndiko mtu anaweza kusikia kwa mara ya kwanza kwamba huenda mwili wenyewe unapigana na mbegu za uzazi.

Dhana hiyo ina msingi. Mbegu za kiume huanza kutengenezwa wakati wa balehe, muda mrefu baada ya mfumo wa kinga kujifunza kutambua chembe za mwili wake, na ukuta maalumu ndani ya korodani huzitenga na damu. Ukuta huo ukivunjwa na jeraha, upasuaji au maambukizi, mwili unaweza kuziona mbegu kuwa wavamizi na kuunda kingamwili zinazozigandisha au kuzizuia kupenya ute wa mlango wa kizazi.

Kipimo kinachojulikana zaidi, MAR, huhesabu mbegu zilizoshikwa na kingamwili. Lakini kinahitaji mbegu zilizo hai na zinazotembea: sampuli haiwezi kupakiwa kwenye basi asubuhi Tororo ikapimwa jioni Kampala. Mwanamume hana budi kusafiri mwenyewe. Hapo ndipo penye ugumu ambao maabara haiutatui, kwani lawama ya kukosa mtoto humwangukia mwanamke kwanza, na mume anaweza kukaa miaka bila kupimwa chochote.

Je, gharama hiyo ina faida? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kupima shahawa, toleo la sita la mwaka 2021, unakiweka kipimo hiki miongoni mwa vile vya ziada. Mwaka 2023 jumuiya ya wataalamu wa uzazi ya Ulaya, ESHRE, ilishauri kisifanywe iwapo shahawa ni za kawaida. Majibu mara nyingi hayabadilishi tiba. Dawa za steroidi za kutuliza kinga zina madhara, na penye kifua kikuu kuidhoofisha kinga si jambo dogo. Inayobaki ni kudunga mbegu ndani ya yai katika maabara, kwa gharama ambayo wachuuzi wengi wa mpakani hawaimudu.

Hali ni tofauti kwa mwanamke ambaye mimba zake huharibika mara kwa mara. Kingamwili za antifosfolipidi hupimwa kwenye damu, na majibu yakithibitishwa tena baada ya wiki 12 au zaidi, aspirini ya kiwango kidogo na heparini humsaidia. Hiki kinastahili nauli.

Hata hivyo, uchunguzi wa WHO uliochapishwa mwaka 1985 ulionesha kwamba barani Afrika ugumba wa wanawake ulitokana zaidi na maambukizi, hasa yale yanayoziba mirija ya uzazi. Klamidia mara nyingi haina dalili, hivyo tiba inayosubiri mgonjwa alalamike humpita. Kwa miji kama Busia na Malaba, yenye wasafiri wengi na malori yanayolala foleni, kuyatibu mapema kungeokoa uzazi wa watu wengi kuliko maabara ya kingamwili.

Kwa bahati, Tororo ina sauti katika mjadala huu: Sarah Opendi aliwasilisha muswada wa teknolojia ya kusaidia uzazi akiwa mbunge mwanamke wa wilaya hiyo, kama alivyofanya Millie Odhiambo nchini Kenya. Lakini miswada hiyo inalenga zaidi kliniki kubwa. Mwanamume wa Masinya bado anahitaji kwanza hadubini, fundi wa maabara aliyefunzwa kuhesabu mbegu, na chumba cha faragha cha kutolea sampuli.