Pikipiki ya cc 100 hadi Malindi? Tuseme ukweli

Mabishano haya hayaishi barazani, kuanzia Kisauni hadi Gede: je, pikipiki ndogo ya cc 100 au 125 inafaa kwa barabara kuu? Vijana wa bodaboda wanasema inafaa, na ushahidi wao ni kwamba wao wenyewe huenda Malindi na kurudi. Wazee wanasema ni kujitafutia kifo. Mimi hupanda pikipiki hizi kila wiki, mara abiria mara mwendeshaji, na naona kila upande umeshika kipande tu cha jambo lenyewe.

Kufika, itafika. Injini ya cc 150 ina nguvu za farasi 12 hivi, na hizo ndogo zaidi ni chini ya hapo. Ukiwa peke yako kwenye tambarare ya Vipingo, itakwenda kilomita 80 kwa saa na bado itabaki na pumzi kidogo. Sasa mpakie abiria na gunia la mahindi, kisha shika mlima wa Mazeras kuelekea Mariakani. Hapo hata trela lililojaa kontena linaweza kukupigia honi.

Kasumba ya vijana wetu ni kuhesabu mwendo wa mwisho, ule unaoonekana kwenye saa ya pikipiki. Barabara kuu inataka akiba, yaani nguvu unayobaki nayo pale unapohitaji kutoka mahali pabaya haraka. Chukua kalamu tupige hesabu. Trela linakwenda 65, wewe uko 80, na ndiyo mwisho wako. Tofauti yenu ni kilomita 15 kwa saa, ambayo ni kama mita nne kwa sekunde. Ili ulipite trela zima na urudi upande wako kwa usalama, unahitaji kulipata kwa mita 50 hivi. Hizo ni sekunde 12 ukiwa upande usio wako. Katika sekunde hizo utakuwa umekwenda zaidi ya mita 260, na basi linalokuja mbele yako kwa mwendo huo huo nalo limekwenda vivyo hivyo. Kwa hivyo unahitaji zaidi ya nusu kilomita ya barabara tupu. Nioneshe mahali pa namna hiyo kati ya Mtwapa na Kikambala saa kumi na mbili jioni.

Tena kuna upepo, na huu sisi watu wa pwani tunaujua. Iwe kusi iwe kaskazi, kwenye daraja la Kilifi unakupiga kutoka upande wa bahari. Pikipiki ya kilo 120 yenye tairi nyembamba ikipita kando ya lori hufichwa na upepo, halafu ikitokeza mbele ya lori inasukumwa ghafla. Breki nyingi ni za dramu mbele na nyuma, na taa yake usiku humulika hatua chache tu. Sizungumzii pikipiki mbovu hapa. Hivyo ndivyo zilivyotengenezwa, kwa safari fupi na mwendo wa wastani, na kwa kazi hiyo ni mashine nzuri mno.

Japani, kunakotoka Probox zetu, pikipiki ya cc 125 kwenda chini hairuhusiwi kuingia barabara zao za mwendo kasi. Hata hapa kwetu, bodaboda haziruhusiwi kupanda barabara ile ya juu ya Nairobi. Basi kuna wanaosema tupige marufuku na huku pwani. Hapo mimi nakataa.

Nakataa kwa sababu anayezuiwa kule anayo barabara nyengine ya kupita. Mtu wa Takaungu anayetaka kwenda Kilifi mjini apite wapi? Barabara ya Mombasa–Malindi ndiyo uchochoro wetu wa kwenda shuleni, sokoni, msikitini na hospitalini. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane, matatu hazipo, na kijana wa boda ndiye anayegongewa mlango. Tangu serikali ilipoziondolea VAT pikipiki zisizozidi cc 250 mwaka 2008, nyumba ngapi hapa pwani zimekula kwa kazi hiyo?

Hatari yenyewe iko kwenye tofauti ya mwendo. Gari dogo linaruhusiwa mwendo mkubwa zaidi, matatu na malori 80, na bodaboda yenye abiria iko 50 au 60, wote katika mkondo mmoja. Matatu ikija nyuma na honi, mwenye pikipiki huteremka pembeni, na pembeni lami imekatika kama ngazi. Au huo ukingo umeshakaliwa na tuktuk na meza za maembe. Ripoti za NTSA mwaka hadi mwaka huwataja watembea kwa miguu na wenye pikipiki miongoni mwa wanaokufa zaidi barabarani. Ni wale wale wanaogombania ukingo huo mmoja.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kutoka Mtwapa hadi Majengo, kwa mwendo wa 50, abiria mmoja na kofia mbili, pikipiki ndogo inafaa. Mombasa hadi Malindi, karibu kilomita 120, na abiria nyuma, haifai, hata kama jirani yako huifanya kila Ijumaa. Mombasa hadi Nairobi hilo hata tusilijadili. Na mzazi anayejinyima ili amnunulie kijana cc 150 badala ya 100 kwa kudhani amemnunulia usalama, afadhali hiyo tofauti ya bei ilipie mafunzo na leseni ya A2, na kofia inayofunga vizuri kidevuni.

Yaliyobaki ni ya wahandisi. Barabara hii inapanuliwa kutoka Mombasa kwenda Kilifi, na mikondo ikiongezeka mwendo wa magari nao utaongezeka. KeNHA watuambie wazi: kwenye michoro yao, bodaboda imewekewa wapi njia ya pembeni yenye lami, na inaanzia na kuishia wapi? Wakija kwa mikutano ya wananchi, hilo ndilo la kuuliza kabla ya fidia ya minazi.