Boss, Usinunue Wati, Nunua Sauti

Jumamosi nilikuwa kilabu moja hapa Migori, jina sitaji. Dijei akaweka benga ya D.O. Misiani, yule mzee wa Shirati Jazz, nami nikangoja gitaa. Nikangoja mpaka wimbo ukaisha. Gitaa halikuja. Kilichokuja ni besi tu, inatetemesha chupa mezani. Nikajiuliza, huyu mwenye kilabu alilipia nini?

Alilipia namba. Ukienda kununua spika, iwe Migori ama Homa Bay, swali la kwanza ni "wati ngapi?" Ukiambiwa elfu mbili unatoa pesa. Lakini sikio halihesabu hivyo. Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, unapata desibeli 3 tu. Ili muziki usikike mkubwa mara mbili, unahitaji nguvu karibu mara 10. Hapo piga hesabu ya stima, na ya jenereta stima ikipotea.

Kosa la pili ni kurundika spika zote kwa dijei. Wa mbele anaziba masikio, wa nyuma hasikii kitu, basi dijei anapandisha. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake sauti inakwaruza, na vispika vidogo vya sauti nyembamba vinaungua. Afadhali spika nne za wastani zizunguke mahali watu wanadensi. Tena kilabu nyingi zetu ni mabati juu, saruji chini, ukuta mtupu. Sauti inagonga na kurudi. Kabla hujaongeza spika, weka dari na mapazia mazito.

Najua utaniambia, "Watu wanataka kelele, jirani akipiga zaidi wateja wanahama." Sawa, besi ni lazima, hakuna mtu analipa kiingilio akae kimya. Lakini huku kwetu watu wanatoka nyumbani kwa sababu ya benga, ohangla na rumba. Ukiua gitaa, umewauzia nini?

Na kuna watu ambao hawawezi kuhama. Binamu yangu ni dijei, bado kijana, na siku hizi lazima nimwambie kitu mara mbili ndio asikie. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba kwenye kumbi za burudani wastani usizidi desibeli 100. Mteja anaenda nyumbani saa nane, wahudumu wako hapo mpaka asubuhi. Jirani naye ana mtoto amelala, na besi ndiyo inayopenya ukuta kuliko sauti zingine. Homa Bay, usiku ukitulia, hata ziwa linaibeba mbali. Sheria ya kelele tunayo tangu 2009, na usiku inabana hata eneo la biashara. Ukifungiwa, hizo wati utazipigia nani?

Kwa hivyo boss, ukienda dukani beba flashi yako ina benga moja unayoijua vizuri. Mwambie muuzaji aicheze, kwanza chini, halafu juu. Ukisikia gitaa la solo, ngoma na maneno ya mwimbaji, kila kitu mahali pake, lipa. Usiposikia, toka, hata kama spika ni refu kukuliko.

Wadau, kilabu yenu gitaa linasikika ama ni chupa tu zinacheza?