Si Kila Homa ni Malaria

Hoja kwamba daktari wa Migori au Homa Bay atibu kila homa kama malaria, eti kwa kuwa ukanda wa Ziwa Victoria umejaa ugonjwa huo, inahatarisha watoto. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kipimo kitangulie dawa, na sababu ni nzito: mtoto mwenye nimonia akipewa dawa ya malaria pekee, anapoteza saa ambazo zingemwokoa. Ni kweli, kipimo cha haraka huweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Hilo linamdai daktari ahesabu pia pumzi za mtoto ili nimonia isimpite, wala halihalalishi kubahatisha. Vipimo vikiisha, kaunti inunue. Mgonjwa mahututi atibiwe papo hapo, damu ikichukuliwa.