Ikat ya India: jina limelindwa, je, mfumaji?

Kama umewahi kuwaona kina mama wakitengeneza batiki, unajua kazi inavyokwenda: kitambaa kinafungwa kwa kamba, kinatumbukizwa kwenye rangi, kinafunguliwa, na maua yanaonekana. Nchini India wapo wafumaji wanaoanza mapema zaidi. Wao hufunga nyuzi kwanza, huzitia rangi, ndipo huzifuma. Ua hujitokeza kidogo kidogo kwenye kitanda cha mfumi, uzi baada ya uzi. Kitambaa hicho huitwa ikat, neno la Kimalei lenye maana ya kufunga.

Ni kitambaa kinachopendwa na wanunuzi wa Marekani na Ulaya kwa nguo, mapazia na foronya za mito. Lakini Agosti 2025 Marekani ilipandisha ushuru kwa bidhaa nyingi za India hadi asilimia 50, na swali la zamani likarudi: biashara hii ikitikisika, nani anaumia?

Inatoka wapi

Maeneo yanayojulikana zaidi ni matatu. Patan, katika jimbo la Gujarat, ni kwao patola. Huko mtande, yaani nyuzi za urefu, na mshindio, yaani nyuzi za upana, zote hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa. Nyuzi hizo zikipishana vibaya, ua linaharibika. Sari moja inaweza kuchukua miezi sita au zaidi, na familia zinazoijua kazi hiyo ni chache mno. Eneo la pili ni Odisha, mashariki mwa nchi. La tatu ni Pochampally na vijiji vinavyoizunguka, katika jimbo la Telangana, karibu na jiji la Hyderabad. Huko ndiko wauzaji wa nje hupata mzigo mkubwa, kwa sababu wafumaji ni wengi na hufuma pamba pamoja na hariri.

Kazi ni ya nyumba nzima. Mmoja anafunga nyuzi kwa vipande vya mpira, mara nyingi mipira ya ndani ya baiskeli iliyochakaa. Mwingine anatia rangi. Mwingine anafuma. Kabla ya kufunga, uzi wa mshindio hupangwa kwa mkono kwenye vigingi, kwenda na kurudi. Kwa sari moja mkono hupita takriban mara 9,000, na kwa desturi kazi hiyo imekuwa ya wanawake.

Chintakindi Mallesham, kijana wa familia ya wafumaji aliyeacha shule darasa la sita, alimwona mama yake akiteseka kwa maumivu ya bega kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka 1999 alikamilisha mashine inayoifanya badala ya mkono. Mwaka 2017 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri. Mashine hiyo haikuua ufundi. Kufunga na kufuma bado ni kwa mkono, ila bega la mama limepumzika.

Fedha inapita mikono mingapi

Mnunuzi wa ng'ambo hamfikii mfumaji moja kwa moja. Anaagiza kwa muuzaji wa nje, huyu anaagiza kwa tajiri wa kijijini, na tajiri ndiye anayempa mfumaji uzi na rangi, kisha humlipa ujira kwa kila kipande. Mfumaji hana mtaji wa kununua hariri mwenyewe, kwa hiyo hana pia sauti ya kupanga bei. Mkulima aliyewahi kuuza kahawa ikiwa bado shambani ataielewa hali hii bila kuelezwa zaidi.

Sensa ya ufumaji wa mkono ya India ya mwaka 2019-20 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.5 katika kazi hii, wengi wao wanawake. Zaidi ya nusu ya kaya za wafumaji zilipata chini ya rupia 5,000 kwa mwezi.

Ushuru unalipwa bandarini na anayeingiza mzigo Marekani, si na mfumaji. Lakini tazama hesabu. Kitambaa cha dola 40 kikitozwa asilimia 50, kinafika dola 60 kabla ya gharama nyingine. Wakati huohuo Indonesia, ambayo nayo hufuma ikat, ilitozwa asilimia 19. Basi mnunuzi anaomba apunguziwe, muuzaji wa nje anamgeukia tajiri, na tajiri anapunguza ujira au anasimamisha oda. Mzigo huo unashuka ngazi kwa ngazi hadi kwa mtu wa mwisho, ambaye hana wa kumgeukia.

Lipo pia suala la rangi. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku baadhi ya rangi za viwandani zinazoweza kusababisha saratani, kwa hiyo wanunuzi hudai vipimo vya maabara. Mfumaji mmoja hawezi kuvilipia. Chama cha ushirika chenye wafumaji wengi kinaweza.

Jina peke yake halitoshi

Mwaka 2005 ikat ya Pochampally ilipata ulinzi wa kisheria wa jina la mahali inapotoka, na patola ya Patan ilifuata mwaka 2013. Kabla ya hapo, sheria ya mwaka 1985 ilitenga aina fulani za nguo zifumwe kwa mkono tu. Hata hivyo viwanda huchapa maua yaleyale juu ya kitambaa cha kawaida na kukiuza kwa bei ndogo sana. Sheria inalinda jina, lakini ua likiigwa na kuuzwa kwa jina jingine, mfumaji bado anakosa mteja.

Mnunuzi anaweza kujilinda kwa kugeuza kitambaa. Kilichochapwa huwa hafifu upande wa nyuma. Ikat ya kweli ina rangi pande zote mbili, na kingo za maua yake zina ukungu kidogo kwa sababu nyuzi haziwezi kukaa sawasawa kabisa.

Pwani yetu si mgeni wa vitambaa hivi. Zamani, vitambaa vya ikat viitwavyo telia rumal, ambavyo nyuzi zake zililowekwa kwenye mafuta na majivu ya maganda ya mbarika, vilisafirishwa kutoka kusini mwa India hadi Arabuni na Afrika Mashariki. Soko hilo lilipungua, na mafundi wake wakabaki wachache. Mwaka 2020 telia rumal ya kijiji cha Puttapaka nayo ililindwa kwa jina.

Historia hiyo ndiyo onyo. Ushuru hupanda na kushuka, na oda hurudi. Lakini mfumaji aliyeuza kitanda chake na kwenda mjini kutafuta kibarua si rahisi kurudi, na mtoto wake hatajifunza kufunga uzi. Kwa hiyo anayetaka kujua mustakabali wa ikat asiangalie takwimu za mauzo ya nje peke yake. Aulize mfumaji wa Pochampally analipwa kiasi gani kwa kipande, na nani amemnunulia uzi.