Fundi asianze kwa kufomati

Katika kambi nyingi za Kivu na Ituri, majina ya jamaa zilizokimbia vita yamo ndani ya kompyuta. Siku mashine hiyo inapogoma kuwaka, inapelekwa kwa fundi, na mara nyingi jibu la kwanza ni moja: ifomatiwe. Ni jibu la haraka, lakini ni baya. Kufomati kunafuta orodha, na mama aliyeandikwa jana anarudi kuwa mgeni.

Kompyuta nyingi za leo zina viini vinne, nane au zaidi, na kubwa zina prosesa mbili. Vyote haviingii kazini pamoja. Kiini kimoja kinatangulia, kinapakia mfumo kutoka kwenye diski, halafu mfumo wenyewe unaviita vingine. Ni kama mama anayeamka kwanza, anawasha moto, ndipo anawaamsha watoto. Mashine ikikwama wakati wa kuwaamsha, huenda diski haina kosa lolote, na kuifomati hakutibu kitu.

Kuna jaribio dogo lisiloomba pesa. Kwenye mashine ya Linux, fundi anafungua menyu ya GRUB, anabonyeza herufi e, anaongeza maneno maxcpus=1 mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha anabonyeza Ctrl na X. Mashine inajaribu kuwaka kwa kiini kimoja tu. Badiliko hilo halibaki. Likishindwa, hakuna kilichoharibika.

Ikiwaka, shurti orodha inakiliwe kwanza kwenye flashi mbili. Ndipo fundi atafute ugonjwa: joto, vumbi kwenye feni, umeme unaopanda na kushuka, rami, au BIOS ya zamani. BIOS asiibadilishe siku umeme unakatika-katika, maana ukikatika katikati ya kazi, mashine inaweza kufa kabisa.

Isipowaka, au ikiwa ni ya Windows, flashi yenye Linux inaweza kuiwasha na kusoma mafaili bila kugusa mfumo wake, mradi diski ingali nzima na haijafungwa kwa nywila.

Mafundi watasema wateja wana haraka. Ni kweli, na nao wanatafuta chakula cha watoto wao. Lakini kufomati kunamaliza kazi ya fundi, hakumalizi ya kambi. Kuandika upya kila jamaa kunachukua siku nyingi, na wengine wamekwisha kuhama tena. Atakayekosa jina lake siku ya kugawa unga hatamlaumu fundi, hata hamjui.

Kwa hiyo anayeshika orodha ya watu asiache mashine kwa fundi kabla ya kuuliza: umekwisha kunakili? Na nyumbani abaki na karatasi yenye majina yale yale.