Kuni zikaguliwe kwa aina ya mti
Gogo likishapasuliwa, majani hayapo, maua hayapo, na muuzaji husema tu ni kuni za porini. Wanunuzi wengi huridhika na jibu hilo. Ofisa misitu hapaswi kuridhika nalo.

Kipande cha mpingo hakijifichi. Pembeni kina weupe wa manjano, katikati ni cheusi chenye dalili ya zambarau, na mpaka wa rangi hizo mbili huonekana waziwazi. Kiini chake kikitumbukizwa kwenye ndoo ya maji kinazama. Huu ndio mti unaotengenezewa klarineti, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Kuuteketeza ili kuivisha maharage ni hasara ya kijinga.

Miti mingine inataka pua. Mkaratusi mbichi hunuka mafuta yake, na msandali hunukia hata ukikauka. Mnyaa hujitambulisha kwa utomvu mweupe, na ole wake ambaye utamrukia machoni!

Rangi ya nje hudanganya, kwa kuwa jua na mvua hugeuza karibu kila ukuni kuwa wa kijivu. Ncha ichongwe upya kwa kisu kikali, kisha itazamwe kwa kioo cha kukuza mara 10. Hapo huonekana vitundu vya mishipa iliyokuwa ikipitisha maji, ambavyo mpangilio wake hutofautiana kati ya jamii za miti.

Kioo hicho kinaingia mfukoni. Kila kizuizi cha maliasili kiwe nacho, na kibali cha kuni kitaje aina ya mti, si ujazo pekee.