Picha za Machweo

Tulitamani kumpelekea mama yetu mzee wa Handeni, ambaye miguu imemshinda kutoka nje, picha ya machweo ya Korogwe. Tukasimama kando ya shamba la mkonge, tukalipiga jua lizamapo kwa simu yetu, tukaenda zetu. Mama alipoitazama akauliza, "Huu ni moshi?"

Makosa yetu yalikuwa mawili. Simu ilipima mwanga kwa nchi iliyoingia giza, ikaipausha mbingu. Yafaa kuigusa mbingu katika kioo, kisha kupunguza mwanga. Tena tuliharakisha. Jua likiisha kuzama, miali yake hupita katika hewa nyingi: samawati hutawanyika njiani, nyekundu hufika na kuyawasha mawingu kutoka chini. Basi ngojeni dakika 10 au 15, wala si zaidi sana, kwa kuwa huku karibu na ikweta jua hushuka wima na giza huja upesi. Mbingu isiyo na wingu, kwa maoni yetu, haina neno.

Jumamosi tukarudi, tukauweka mbele mlingoti mmoja wa mkonge, mweusi. Mama aliishika picha ile kitambo kirefu.

"Mkonge huu," akasema, "ndio aliokuwa akiukata baba yenu."